Ngazi ya Kufukuzisha

Mumewe alipofariki, Chizuru alidhani atarudi kwao Sapporo. Badala yake alibaki Kanazawa, nyumbani kwa mama mkwe wake, Tsuyako, mkuu wa shule ya koto ya ukoo huo. Koto ni kinanda kirefu cha nyuzi zilizoegemea vidaraja. Ukivisogeza, ngazi ya sauti, yaani mpangilio wa sauti za muziki, hubadilika. Katika nyumba ile hakuna aliyevisogeza apendavyo. Tsuyako hakuwa na mrithi mwingine, na kila akinywa chai alisema, "Nikifa, wewe ndiye nyumba."

Kuondoka kwa hiari kungekuwa kumtukana marehemu. Kufukuzwa lilikuwa jambo jingine. Ndipo Chizuru akaanza kutafuta sauti za kumfukuzisha.

Alichukua ngazi zenye sauti saba, moja baada ya nyingine, akawa anaondoa sauti mbili katika kila moja kusikia kinachobaki. Nyingi zilitoka tamu, zikamuudhi. Mwishowe akashika ile ambayo watunzi huikwepa, yenye sauti ya tano iliyoshushwa, akaondoa ya pili na ya sita. Tano zilizobaki zilihangaika kama mtu anayepapasa ukuta akitafuta mlango. Alitaka ziwachukize watu, lakini kadiri alivyozipiga ndivyo zilivyomwingia, mpaka siku moja akaunguza wali akiwa anazipiga.

Walimu wakuu wa shule hiyo walipokutana, alipiga magoti mbele yao na kusogeza vidaraja hadharani. Mzee Iwakura, mwenye ulimi mkali, aliguna. "Binti, hicho chombo kina homa?"

"Kisikilize kwanza, Mwalimu."

Akapiga. Alipomaliza, Iwakura alijinyoosha kiuno. "Hii inaanza tu, haifiki. Mgongo umeniuma kwa kuingoja."

Wengine walicheka chinichini, wakimtazama Tsuyako. Chizuru akainamisha kichwa, akingoja neno moja tu.

"Rudia," Tsuyako akasema.

Alirudia. Tsuyako alisikiliza akiwa amefumba macho. "Umeitoa wapi hii, mwanangu?"

"Nimeiunda mwenyewe, Mama. Niliiunda ili unifukuze."

Tsuyako hakufumbua macho.

"Nimeelewa tangu uliposogeza kidaraja cha kwanza. Lakini anayetaka kufukuzwa hupiga vibaya. Wewe umeshindwa kupiga vibaya." Akawageukia walimu. "Kuanzia leo hii ni ngazi ya nyumba yetu. Chizuru ndiye atakayeifundisha. Hakuna mwingine anayeijua."

Iwakura alitangulia kuinama, paji la uso likagusa mkeka. Wengine wakafuata. Chizuru alibaki ameshika ukingo wa koto.

Wanafunzi walianza kuja hata kutoka Osaka. Theluji ilipoanguka, dada yake alimpigia simu kutoka Sapporo.

"Unakuja lini?"

"Madarasa yamejaa mpaka masika."

"Na baada ya masika?"

"Wameshajiandikisha wengine."

"Kwa hiyo umekubali kukaa?"

"Hakuna aliyeniuliza," alisema Chizuru. Mlango wa mbele ulikuwa ukifunguliwa, viatu vikivuliwa. "Ngoja, dada, wamefika."

Akakata simu, akaenda kuwapokea.