Sanduku la Barafu Langoni

Tangu asubuhi Denise Pascoe alikuwa hatulii. Akikaa anainuka, akiinuka anasahau alichoinukia. Mkaguzi wa mabwawa ya kuogelea alikuwa njiani, na bila cheti cha mkaguzi, mjukuu wake Otis haji kukaa kwao. Tamsin, binti yake, alishalisema hilo waziwazi: anaanza zamu hospitali, mtoto wa miaka mitatu atashinda kwa bibi na babu yake, lakini kwanza ule uzio wa bwawa lao upite ukaguzi. Denise alikuwa na hamu na mjukuu huyo hata kitanda chake alishakitandika na kukitandua mara mbili.

Mumewe, Merv, hakuwa na presha yoyote. Alisema uzio wake unaweza kuzuia hata ng'ombe.

Mkaguzi alikuwa mwanamke mfupi aitwaye Thuy, mpole wa sauti lakini jicho lake halikosi kitu. Alilifungua lango wazi kabisa, akaliachia. Likarudi kwa kishindo na kujikomea. Merv akamkonyeza mkewe. Thuy akalifungua tena, safari hii upenyo wa kiganja tu. Lango likajikokota, likagusa komeo, likaishia hapo bila kujikomea.

"Huwa mnalizuia na nini?" akauliza.

Merv akatazama mawingu, na Ipswich, mji wao huko Australia, siku hiyo haikuwa na wingu hata moja. Denise yeye alilitazama sanduku la barafu la kuwekea bia, lile la buluu, lenye kovu ubavuni mahali lango linapoegemea. Kila Jumamosi, Merv akipita na sinia la soseji mikononi, hulisukuma kwa mguu mpaka langoni ili lango lisimfungie. Nani mtaani kwao hafanyi hivyo?

"Springi za bawaba zimechoka kwa lango kuzuiwa," Thuy alisema. "Badilisheni bawaba, nitarudi. Na hilo sanduku, baba, lisikae karibu na uzio. Mtoto akilipanda, hapo hakuna uzio tena."

Alipoondoka, Denise alimvaa mumewe. Alimwambia kwamba akimkosa mjukuu kwa sababu ya bia, mmoja wao atahama nyumba ile. Merv alijaribu utani, akaona haupokelewi, akaenda kununua bawaba.

Thuy akarudi, cheti kikatoka, Denise akakibandika kwenye friji. Otis akaja na kibegi chake mgongoni. Denise alidhani sasa moyo utatulia; wapi. Mchana kutwa sikio lake lilikuwa nje, likisikiliza mlio wa komeo. Ukisikika, anapumua. Ukichelewa, anachungulia dirishani.

Jumamosi Merv aliwasha jiko la kuchomea nyama, lililoko ndani ya uzio, kando ya bwawa. Denise alikuwa jikoni anakata vitunguu, Otis miguuni pake na gari lake la plastiki. Merv akapita na sinia, lango likajifunga nyuma yake, komeo likalia. Denise akapumua. Akakata kitunguu kingine, machozi yakamtoka, akayafuta. Alipotazama chini, gari lilikuwa peke yake.

Alimwona kupitia dirisha. Otis alikuwa amelisukuma sanduku la buluu kutoka barazani mpaka langoni, pale pale alipozoea kuliona kila Jumamosi alipoletwa kusalimia. Sasa amesimama juu yake, amejinyoosha, vidole vimeshafika kwenye komeo. Merv amempa mgongo, anageuza soseji.

Denise hakujua alifikaje. Alimnyakua mtoto, akamkumbatia mpaka mwenyewe akalalamika.

"Namfungulia Babu," Otis alisema. "Mikono yake imejaa."

Merv aligeuka. Alilitazama sanduku, akamtazama mtoto. Soseji zilikuwa zinaungua nyuma yake.

"Den, mke wangu," alisema hatimaye kwa sauti ya chini. "Tusimwambie Tamsin. Atamchukua. Sanduku nalitupa leo hii, naapa."

Denise alitaka kukubali. Alitaka sana, na hilo ndilo lililomtisha. Aliingia ndani na mtoto begani, akapita mbele ya friji bila kukitazama kile cheti, akapiga simu.

"Tamsin," alisema, "lango ni zima kabisa. Tatizo ni sisi. Njoo, mwanangu, nikueleze."