Vifaranga wa Marehemu Emil

Simu ililia kabla Verna hajamimina kahawa. Huko mashambani Nebraska, simu ya alfajiri mwezi wa Aprili huwa na habari moja kati ya mbili: mtu amefariki, au posta wamepokea vifaranga. Verna hakuwa tena na mtu wa kumfia. Aliipokea.

"Verna, ni Doreen wa posta. Pitia mlango wa nyuma uchukue sanduku lako. Wananipigia kelele tangu lori liwashushe, hata redio siisikii."

"Mimi sijaagiza vifaranga."

Nyuma ya Doreen ilisikika milio mingi myembamba, kama changarawe zikimwagwa juu ya bati.

"Jina si lako," alisema taratibu. "Ni la Emil."

Verna aliendesha gari hadi mjini na koti juu ya nguo ya kulalia. Doreen alimsubiri mlangoni na sanduku la karatasi ngumu lenye matundu, amelikumbatia kama mtoto wa mtu.

"Aliagiza mwaka jana," alisema. "Wale wanaotaga mayai ya rangi ya chokoleti. Walikuwa wamekwisha, wakamsogezea zamu yake hadi Aprili hii. Alinilalamikia hapa kaunta utadhani mimi ndiye niliyewala. Hakuna aliyekumbuka kufuta, shoga."

"Warudishe."

"Wako njiani tangu juzi. Kile kiini cha yai walichozaliwa nacho tumboni kinawaishia. Nikiwarudisha leo, nitakuwa narudisha maiti."

Verna alilipokea sanduku. Lilikuwa vuguvugu, likitetemeka mikononi mwake.

Mwaka uliopita mumewe Emil alikuwa ametundika taa nyekundu ya joto kwenye banda la vifaranga kwa kamba ya kufungia marobota ya nyasi. Watu wa kule hutumia kamba hiyo kwa kila kitu, kuanzia malango hadi suruali. Lakini taa hutundikwa kwa mnyororo, na Emil alijua. Alisema atanunua mnyororo wiki ijayo, na kila wiki kwake ilikuwa na ijayo yake. Jioni moja ya upepo kamba iliungua, taa ikaangukia maranda. Emil aliingia kuwatoa vifaranga. Alitoka mara moja, kofia imejaa. Aliporudi ndani hakutoka tena. Tangu siku hiyo Verna hakuruhusu taa ya namna ile ivuke kizingiti chake. Hata mwanga mwekundu wa gari lililo mbele yake ulimfanya ageuze macho.

Njia nzima vifaranga walilia. Gari lilipokata kona kuingia shambani, likapita kando ya msingi mweusi wa banda, wakanyamaza wote kwa pamoja. Verna alikijua kimya hicho. Ndivyo vifaranga wanavyofanya kivuli cha mwewe kinapowapitia. Alisimamisha gari, akachungulia juu. Mbingu ilikuwa tupu, rangi ya maziwa, na upepo ulikuwa umebeba chembe za theluji. Sandukuni hakukuwa na mlio hata mmoja. Kisha mmoja alilia, na wengine wakafuata.

Jikoni alijaza maji moto kwenye chupa, akazifunga taulo, akazipanga ndani ya beseni kubwa la bati la kunyweshea ng'ombe. Akaanza kuwatoa mmoja mmoja, akichovya kila mdomo majini hadi amwone kifaranga akiinua shingo na kumeza. Emil alikuwa akiwapulizia kichwani kila anapomaliza. Verna hakuwapulizia. Hata hivyo, kila alipomweka mmoja chini, manyoya ya kichwa chake yalilala, kama yamepitiwa na pumzi.

Wifi yake Leona, dada wa Emil, aliingia bila kubisha hodi kama kawaida yake. Mkono mmoja alishika sahani ya mikate midogo ya tunda la plamu, na mwingine taa ya joto yenye mnyororo. Doreen alikuwa amekwisha kumpigia.

"Hiyo iache nje, wifi," alisema Verna.

"Theluji inaanguka."

"Nina chupa."

"Chupa." Leona aliweka sahani mezani. "Zikipoa utafanyaje, utawapasha kwa sala? Mimi nimezaliwa katika ukoo wa wabishi, lakini wewe uliyeolewa umetupita."

Verna aligeukia beseni. Vifaranga walikuwa wamezikimbia chupa. Walikuwa wamejisonga upande mmoja wa beseni, ule unaoelekea mlango wa nyuma, wakipandana migongoni. Aliwarudisha kwenye joto. Wakarudi kule kule. Alipeleka mkono pale walipojisonga, akakuta bati baridi. Lakini harufu aliisikia: sufu iliyoungua, na tumbaku ya Emil.

"Unasikia?" aliuliza.

Leona alivuta pumzi. Uso wake ulibadilika, akajishughulisha kuikata mikate ambayo haikuhitaji kukatwa.

"Wanaelekea kwake," alisema Verna. "Wanadhani ana joto."

Alipowatenganisha, wa chini kabisa alikuwa ameshakufa, bapa kama jani. Wa pili yake alifungua mdomo bila kutoa sauti. Verna alimweka kifuani, ndani ya koti, akausikia moyo wake mdogo ukienda mbio kisha ukisitasita.

"Watakwisha wote, wifi," Leona alisema, safari hii bila kejeli. "Kabla ya chakula cha mchana."

Verna aliigeukia taa.

"Nionyeshe huo mnyororo."

Alikagua kila pete kwa kidole. Aliuvuta kwa uzito wake wote, akautundika kwenye ndoano ya dari iliyotumika zamani kwa nyama ya kukausha, akauvuta tena. Kisha akawasha mwenyewe. Jikoni pakawa pekundu. Alishika ukingo wa meza, akapumua hadi macho yakazoea.

Vifaranga waliacha kulia. Mmoja baada ya mwingine walijitenga kutoka kwenye lile fungu, wakatawanyika chini ya mwanga, wakajilaza na mabawa wazi kama wanavyolala wakipata joto la kuwatosha. Yule wa kifuani alipiga mlio, naye Verna akamshusha kwa wenzake. Walijaza beseni zima isipokuwa pahali pamoja, upande wa mlango. Pale waliacha nafasi mbili ndefu, sambamba, wakazizunguka bila kuzikanyaga, kama vifaranga wanavyozunguka buti za mtu aliyesimama katikati yao.

Leona aliziona. Alijifuta mikono kwenye aproni, ingawa ilikuwa mikavu.

"Nenda kajinyooshe kidogo," alisema kwa sauti ndogo. "Nitawaangalia."

"Wana anayewaangalia." Verna alivuta kiti hadi kando ya beseni, karibu na zile nafasi mbili, akaketi, akapitisha mkono kwenye mnyororo. "Ila huyo, kwa mambo ya kutundika taa, simwamini. Nitakaa naye."