Mji wa Wauza Njaa

Siku ile mume wangu Mbaruku alianguka sebuleni asubuhi, akiwa amekwisha kuvaa kwenda dukani kwake, jasho likimtiririka na ulimi mzito kama wa mlevi. Hospitali walimtundikia dripu, na daktari, baada ya kunihoji, akatikisa kichwa. "Mama, mgonjwa wa kisukari akimeza dawa hizi halafu asile, sukari inaweza kushuka mpaka akazimia. Nani alimwambia akae na njaa?" Tangu aambiwe ana kisukari, Mbaruku alikuwa akihama mifumo ya kula kama mpangaji anayefukuzwa nyumba hii na ile: kwanza nyama na mafuta bila chembe ya ugali wala wali, kisha maji ya majani yaliyosagwa, na mwisho mlo mmoja tu kwa siku, baada ya magharibi. Kila mfumo ulikuwa na mwalimu wake kwenye simu, ama kijana mwenye kifua wazi, ama mama mwenye sauti ya mahubiri, na kila mwalimu aliwaita wenzake matapeli. Hapo tu ndipo waliposema kweli.

Nikakaa kwenye benchi nje ya wodi, nikiwa na hasira na Mbaruku, jua la mchana likinichoma magotini. Sijui usingizi ulinichukuaje.

Nilijiona nimesimama kwenye bonde pana lenye udongo wa rangi ya unga wa dona, na mbele yangu mji wenye majumba marefu ambayo milango yake ilifunguka na kufungika kama vinywa vinavyotafuna. Watu walipishana njiani bila kuulizana hali. Waliulizana, "Umekula nini?" na aliyejibu vibaya alitemewa mate. Kando yangu akatokea mwanamke wa makamo, si mnene si mwembamba, kanga ameifunga kiunoni kama mtu aliyetoka jikoni na anayerudi jikoni.

"Naitwa Kiasi," akasema. "Nilizaliwa hapa, ila wenyeji wamenisahau, maana sina kitu cha kuwauzia. Unamtafuta nani?"

"Mume wangu."

"Basi tutapita kote alikopita. Tembea taratibu, na usiwacheke. Wenye njaa wana hasira za karibu."

Jumba la kwanza lilinuka mafuta ya kondoo yaliyochacha. Ndani, kwenye kiti kilichopasuka kwa uzito wake, alikaa Ulafi, kidevu kiking'aa, akirarua mbavu za ng'ombe, huku wafuasi wake wakimtazama kama anayefanya ibada. Ukutani walikuwa wametundika kipande cha muhogo kwa kamba shingoni, kama mhalifu aliyenyongwa. "Kuleni mpaka mchoke!" akanguruma. "Adui ni wanga peke yake!" Nilishangaa, kwa kuwa Ulafi niliyemjua tangu utotoni alikuwa akila kila kitu, muhogo ukiwemo. Kiasi akaninong'oneza, "Ni yuleyule. Amebadili kanzu tu. Ni kweli mwenye kisukari apunguze wanga, na wapo waliopata nafuu kwa kuupunguza sana wakiwa na daktari wao. Huyu kachukua neno moja la daktari, akaligeuza ruhusa ya kumeza ng'ombe mzima." Mmoja wa wafuasi, aliyekuwa hajapata choo tangu ajiunge, alitukodolea macho ya uchungu kisha akanyoosha mkono apewe ubavu mwingine.

Jumba la pili lilikuwa jeupe na baridi. Mwenyewe, Hofu, alikuwa kibibi mwembamba mwenye glavu mkononi, akimimina maji ya kijani kwenye vikombe vidogo. Alinusa yai, akapiga kelele. Alinusa wali, akafunika pua. "Sumu! Mwili wako umejaa sumu, lazima uoshwe!" Foleni yake ilizunguka uani, watu wana rangi ya majivu na miguu inatetemeka, wakishukuru kwa kila kikombe.

"Muulize ni sumu gani," Kiasi akaniambia.

Nikamuuliza. Hofu akanitazama kama niliyemvua nguo sokoni. "Sumu," akasema. "Sumu za mwilini."

"Zinaitwaje?"

"Mtoeni huyu!"

Tulipokuwa nje, Kiasi alicheka kwa mara ya kwanza, kicheko kifupi kisicho na huruma. "Mungu amempa kila mtu ini na figo za kazi hiyohiyo, na hazidai ada. Mboga za majani ni rafiki zangu wa siku nyingi, lakini yule anazisaga mpaka zinabaki maji, anazitenga na maharage, samaki na viazi, kisha anashangaa watu wakizirai."

Jumba la tatu lilijengwa kwa vioo vitupu. Humo alitawala Majivuno, na watu wake hawakuwa wakila kabisa. Walikuwa wakisimulia jinsi wasivyokula. Katikati ya ukumbi, juu ya kigoda kirefu, alisimama Mbaruku wangu, mashavu yamebonyea, suruali ameishika kwa mkono isimdondoke, na umati ukimpigia makofi. Kila makofi yalipolia, alipungua kidogo.

"Shuka!" nikapiga kelele. "Umekuwa kichekesho! Shuka twende nyumbani!" Hakugeuka hata shingo. Majivuno akanipungia mkono wenye pete. "Mwache, mama. Mumeo ni kielelezo."

"Ni baba wa watoto wangu, si kielelezo!"

Kiasi akanishika bega. "Unamwita kwa hasira yako. Hapa kila mtu anaita hivyo. Muulize anachotaka yeye."

Nikasogea mpaka chini ya kigoda, nikamwambia polepole, "Baba Rehani, unataka nini?"

Akainama, na nikayaona macho yake, yamejaa maji. "Sitaki kukatwa mguu kama baba yangu," akasema. "Walisema wakinifundisha sitakatwa."

Nikampa mkono. Alikuwa mwepesi kama pumba. Tukatoka naye, Majivuno akitukejeli kwa nyuma, tukafika kwenye uwanja wenye kivuli ambako watu walikula kwenye mikeka. Nusu ya kila sahani ilikuwa mboga, robo ugali wa dona, robo maharage au samaki, na pembeni papai la kukatwa. Wapo waliokula nyama, wapo wasioigusa maisha yao yote, na hakuna aliyemuuliza mwenzake sababu. Walizungumza habari za mvua, harusi na mpira. "Unaona?" Kiasi akasema. "Wanaokula vizuri hawazungumzii chakula mchana kutwa. Wanakula kwa wakati, wanaacha kabla tumbo halijalalamika, na wanakula kile watakachoweza kukila hata uzeeni. Mwenye dawa anazipangia chakula chake na daktari. Ni jambo la kuchosha kulisikia, ndiyo maana sina wateja."

"Mama! Mama!" Muuguzi alikuwa akinigusa bega. "Mgonjwa wako ameamka."

Nilipofumbua macho, jua lilikuwa limeshahama kwenye benchi. Kumbe muda wote nilimdharau Mbaruku kwa ujinga, na hakuwa mjinga. Alikuwa mtu mwenye woga, na wale wa kwenye simu walijua bei ya woga wake. Dharau yangu sikuitupa. Niliihamishia kwao, na iko huko mpaka leo.

Kesho yake mchana, daktari alipokwisha kutuelekeza kuhusu dawa na milo, nilimfungulia hotpoti kitandani. Mbaruku akaitazama sahani, mchicha, maharage, kipande cha ugali, akakunja uso kwa mashaka.

"Mke wangu, hiki ni chakula cha mfumo gani?"

"Cha mchana," nikamwambia. "Nawa mikono tule."