Damu ya Kuazima

Muuguzi alifika kwa mama yake Jumamosi, mkobani kifaa cha kupimia presha, akakuta kochi analopenda kukalia limechukuliwa. Mdogo wake, mwanaanga, alikuwa amelala chali juu ya kochi hilo, miguu kwenye mito miwili, nyumba nzima ikinong'ona. Alikuwa amerudi kutoka anga za juu wiki hiyo. Kule moyo ulidekezwa: haukuwa na kazi ya kupandisha damu kichwani, ukanywea. Sasa kila akisimama, damu ilimshukia yote miguuni, akadondoka.

"Mpime mdogo wako," mama alisema, bila hata salamu. "Taratibu."

Taratibu! Miaka yote hiyo muuguzi alisimama wodini mpaka miguu ikavimba, na hakuna aliyewahi kumwambia hata akae. Wivu ulimkaba, naye hakujidanganya kwamba ni kitu kingine.

Kwa mazoea ya kazi alikijaribu kifaa kwanza mkononi mwake mwenyewe, na kwa hasira akasahau kukivua. Mdogo wake akasimama. Hakuanguka. Presha iliyoshuka ilikuwa ya muuguzi. Namba ziliporomoka mkononi mwake, macho yakaingia kiza, akajikuta sakafuni. Mdogo wake alipolala tena, namba zikapanda. Walirudia, majibu yakawa yale yale.

"Kumbe anaazima kwako," mama alisema, akaendelea kukunja nguo. "Basi usiende mbali."

"Na mimi je, mama?"

"Wewe mzima."

"Pole, dada," mdogo wake alisema. Alisema kwa moyo mweupe kabisa, na hilo ndilo lililomuudhi muuguzi kuliko yote.

Siku ya hafla ya kumpongeza mwanaanga, muuguzi aliombewa ruhusa kazini. Walimtandikia blanketi nyuma ya pazia la jukwaa, wakamwinulia miguu juu ya kiti. Mdogo wake alisimama wima mbele ya ukumbi uliofurika, akawashukuru wahandisi, walimu wake na mama. Akausifu moyo wake mwenyewe kwa uvumilivu. Watu walipiga makofi mpaka sakafu ikatetemeka chini ya mgongo wa muuguzi.

Pazia likafunguka kidogo, mama akachungulia. Muuguzi alifurahi kama mtoto, akajiinua kidogo.

"Umekuja kuniangalia, mama?"

"Nimeona pazia linatikisika," mama alisema, akamshika bega kumrudisha chini. "Tulia hapo hapo, mwanangu. Bado hajamaliza kuhutubia."

Akalifunga pazia vizuri, akarudi kwenye kiti chake cha mbele.