Hita ya Pijo la Baba

Pijo la baba lina umri wa kuamkiwa shikamoo. Lilifika nyumbani kwetu Bariadi msimu mmoja wa pamba nzuri, kabla sijazaliwa, na tangu hapo limekataa kufa kwa ukaidi uleule wa mwenye nalo. Zamani lilikuwa na rangi ya maziwa, sasa lina rangi ya chai ya maziwa iliyosahaulika mezani. Mlango mmoja wa nyuma hufunguka kwa nje tu. Honi hulia yenyewe ukikata kona ya kulia, kwa hiyo watu wa mjini wamezoea kwamba tunasalimia sana upande mmoja.

Lakini dada zangu wote waliondoka nyumbani kwa gari hilo. Lukresia alipelekwa nalo Nyalikungu, Judica Shishiyu. Baba usukanini, mama mbele na mkoba wake mapajani, bi harusi nyuma. Na hita imewashwa.

Ndiyo, hita. Usukumani, kiangazi, hita! Pijo likibeba watu wengi juani huanza kupata homa, na baba alikuwa na dawa moja: unafungua hita, joto la injini linahamia kwa abiria. Sisi tunaiva, gari linapona. Judica alipolalamika kwamba poda yote inaishia shingoni, baba alimjibu bila kugeuka, akimwita mama kwa Kisukuma:

"Lia tu, mayu. Humu ndani hakuna atakayejua lipi chozi, lipi jasho."

Mama alicheka mpaka mkoba ukamdondoka. Kicheko kile bado nakisikia kila nikifunga mlango wa mbele, maana nao huishia kwa mlio uleule.

Mama alitutoka mwaka juzi. Macho ya baba nayo yamepata ukungu. Anaona mtu kama anavyoona kichaka, anasubiri kiongee ndipo akipe jina. Kwa hiyo siku ya kumpeleka Joyness, kitinda mimba wa kike, kanisani Lamadi kwa bwana harusi wake Amoni, usukani uliangukia kwangu. Baba alitoa sharti moja tu.

"Mayunga, likichemsha mara moja, tutavumilia, ni mzee. Likichemsha mara ya pili, dada yako ahamie gari la upande wa bwana harusi. Sitaki afike kanisani ananuka rejeta. Na hilo Pijo tukirudi, waite watu wa vyuma chakavu."

Alisema hayo huku anapapasa boneti kama mtu anayemtuliza ng'ombe wa kuchinjwa. Nikaona sina haja ya kuuliza kama anatania.

Sikuwa na wasiwasi. Wiki nzima nilikuwa nimelijaribu, Maswa na kurudi, limejaa mifuko ya mahindi, na mshale wa joto haukuvuka katikati. Asubuhi ile Joyness na shangazi zetu wakalipamba mbele na nyuma, baba yuko ndani anahangaika na tai. Tukaondoka. Nyuma yetu Alphadi nyeupe, gari lililotumwa na upande wa bwana harusi, ndani yake Dastan, msimamizi wa Amoni, kijana wa kuuza samaki mwenye miwani ya jua na maneno mengi kuliko mimi. Jambo hilo lilinikera.

Hatujamaliza kilima cha kwanza baada ya mji, mvuke ukaanza kupanda kwenye kioo.

Dastan akateremka anajipepea. "Shemeji, mnapika nini? Tungejua tungekuja na sangara."

"Tunachemsha maji ya kukuogeshea. Harufu yako imetangulia kufika."

Nilisubiri lipoe. Hapo hakuna ujanja. Ukifungua kifuniko cha rejeta kikiwa cha moto, utaoa bila nyusi. Nikaongeza maji. Nikakagua mpira wa juu na wa chini, hakuna unaovuja. Mkanda wa feni umekaza. Baba alisimama pembeni anauliza, mimi najibu.

"Mafuta yana rangi gani?"

"Meusi, baba."

"Si ya uji?"

"Si ya uji."

"Basi maji hayajaingia kwenye mafuta, gasketi nzima. Twende. Washa hita."

Tukaenda, hita inavuma, Joyness nyuma anajifuta kwa kitambaa na kimya chake kimezidi. Mtu huyu hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Nikamtania, "Mayu, Amoni akikuona hivi atadhani umeogelea ziwa zima." Kwenye kioo cha katikati niliona anatazama mbele, si barabara, bali pale boneti inapoishia.

Tulipopita Dutwa mshale ukaanza kupanda tena. Nilipunguza mwendo, nikaufunika kwa mkono. Ujinga mtupu: nani nilikuwa namficha, mtu asiyeona?

"Limefika wapi?" baba akauliza.

"Liko... njiani."

"Mayunga. Nalinusa."

Nikaegesha kabla halijatoa mvuke. Dastan alikuwa ameshafika mlangoni, na safari hii hakutania. Alisema kwa adabu kabisa, "Baba, watu wanasubiri kanisani. Bi harusi aje huku kwenye ubaridi." Adabu yake iliniuma kuliko utani wake.

Baba alivua kofia, akaishika kwa mikono miwili. Niliwahi kumwona ameishika hivyo mara moja tu, mwaka juzi, na sipendi kukumbuka siku hiyo.

"Halijachemsha," nikasema. "Mshale umepanda tu. Sharti lilikuwa kuchemsha."

"Unakuwa wakili sasa?"

"Nipe nafasi moja, baba."

Akavuta pumzi. "Wiki nzima lilikuwa zima, na mzigo mkubwa kuliko huu. Leo kuna nini kipya?"

"Kipya ni bi harusi."

"Bi harusi hachemshi injini. Usilizime. Likae sailensa, lingurume bila kwenda, uende mbele, uliangalie."

Nikaenda mbele. Na hapo nikaona kitu ambacho nilikitazama asubuhi nzima kama pambo. Khanga nyekundu na nyeupe, imekunjwa vizuri, imevutwa kutoka taa hadi taa na kufungwa nyuma ya bampa, imefunika uso wote wa gari. Injini ikinguruma, feni ilikuwa inaivuta khanga kwa ndani, imebonyea kama mashavu ya mtu anayenyonya embe. Gari halikuwa na homa. Gari lilikuwa limezibwa pua.

Nilinyoosha mkono kuifungua, nikaitambua. Khanga ya mama. Ile aliyovaa akitusindikiza shuleni, akivuna pamba, akipokea wageni.

Joyness alikuwa ameshuka, gauni limekusanywa mkononi. "Nilitaka atangulie," akasema taratibu. "Mama alikuwa anakaa mbele."



"Kuna nini huko?" baba akauliza.

Akaja mwenyewe, mkono mmoja ukifuata ubavu wa gari, taa, kisha kitambaa. Vidole vikasimama. Vikatembea kwenye pindo mpaka pembeni, pale mama alipoiunguza kwa chungu akashona kiraka kwa uzi wa gunia. Vikabaki hapo.

"Apolonia," akasema, akimwita mama kwa jina lake. Halafu, jambo ambalo sikulitegemea, akacheka. "Mwanamke huyu! Miaka yote ananiambia naendesha kwa kasi. Leo ameamua kunibana pumzi kabisa."

Joyness akaanza kulia. "Nisamehe, baba. Sikujua inaziba."

"Hukukosea. Mama yako hukaa mbele. Ila ndani, mayu. Ndani."

Tukaifungua. Baba akaikunja kwa makini kuliko macho yake yanavyoruhusu, akaiweka kwenye kiti cha mbele, kile alichokuwa amekalia yeye, akaipitishia mkanda. Kisha akazunguka, akafunguliwa ule mlango wa nyuma, akakaa pembeni ya Joyness na kumshika mkono. Dastan alivua miwani, akanisaidia kuongeza maji lilipopoa, na hakusema neno. Nitamkumbusha siku hiyo ya kimya chake mpaka azeeke.

Pijo liliondoka kama limetoka kuoga. Upepo uliingia puani, mshale ukashuka mpaka katikati ukakaa hapo, mpole, na mbele yetu ziwa likaanza kung'aa nyuma ya nyumba za Lamadi. Mimi nilikuwa nimelowa shati zima.

"Baba, gari limepoa kabisa," nikasema. "Nizime hita?"

Kwenye kioo niliona dada yangu ameweka kichwa begani kwa baba, na mashavu yao wote wawili yanang'aa.

"Iache," baba akasema.

Mama Amoni alitupokea mlangoni pa kanisa kwa salamu yetu ya Kisukuma, "Mwadila!", na kitambaa cheupe. Akamfuta bi harusi uso, akamtazama mzee wangu, akashtuka.

"Jamani, mbona mmelowa hivi?"

"Ni hita, mama," baba akamjibu. "Gari letu lina hita kali sana."