Embe Mdomoni

...na Leticia wa kwenye riwaya bado ndiyo kwanza ameshuka kwenye treni, amesimama na begi lake kwenye kituo asichokijua, na Sitara amekwishausoma mstari huo mara ya ngapi hajui mwenyewe, kitabu kimeegemea mkebe wa sukari, kisu kinamenya embe, masikio yako sebuleni, kila kiungo cha mwili kimeamua kwenda kivyake, na joto hili la Januari, feni imekufa na umeme, chini mtaani makuli wanaomba njia, njia jamani, spika ya muuza viatu inarudia maneno yale yale tangu asubuhi, na huko sebuleni mzee Hashimu, mjomba wake Ismail, anakohoa kikohozi cha mtu aliyekuja kuchukua jibu la posa na amekwishamaliza chai ya pili... haradali imo kwenye mafuta juu ya mkaa, ipasuke kwanza, ndiyo bizari, ndiyo siki, achari ya embe haitaki haraka, na kazi yake kiangazi chote tangu posa ije ndiyo hii, kupika achari na kusoma riwaya za mtumba, hii hata jalada haina, chupa zimejaa mpaka chini ya kitanda, majirani wakimwona na chupa wanajifanya wana simu, na maembe yenyewe anayaleta Ismail, kila wiki tenga, mtu mwema Ismail, ana duka lake la viungo, hapandishi sauti, alimuuguza marehemu mkewe kwa mikono yake mpaka mwisho, nani atamtia doa, na hilo ndilo linalomchosha Sitara, angekuwa na kasoro moja tu, hata kutafuna kwa kelele, angeishika hiyo akapata la kusema... anachovya kipande kwenye chumvi na pilipili, anakitia mdomoni, meno yanaingia ganzi, na papo hapo ni ile siku, yuko kwenye jiko la bibi kule mtaa wa Gerezani, msichana wa miaka ishirini, embe bichi vile vile, pilipili vile vile, na shangazi Nasreen anaingia anamwinamia, mwanangu, Abdulmalik kaleta posa, umeridhika, na mdomo umejaa, atafuneje mbele ya swali kama lile, ateme wapi, akainamisha kichwa, machozi ya pilipili yakamtoka, na shangazi akajishika mashavu kwa furaha, kanyamaza, tena analia kwa haya, mwali kimya chake ndiyo ridhaa yake, kigelegele, nyumba nzima ikapokea, na yeye bado hajameza... hakuwa amefikiri ndiyo wala hapana, alikuwa anafikiria maji ya kunywa, na miaka yote ya Abdulmalik na ulimi wake mkali akawa anaambiwa si ulimtaka mwenyewe, ulipoulizwa si ulilia, mpaka talaka, na hajamwambia mtu mpaka leo, nani angeamini ndoa ilifungwa na kipande cha embe... baba mdogo Mbaruku anasema huko ndani kwamba huyu si mwali tena, kimya hakitoshi, aseme kwa mdomo wake, mzee Hashimu anaitikia, ndiyo, ndiyo, na Sitara anarudi kwa Leticia, maana kila riwaya anawagawia watu sura, wezi wote wamepata sura ya Abdulmalik, mama wakwe wote ni shangazi, madaktari wazuri amewapa sura ya kijana mmoja anayemhudumia benki, na Ismail... anamtafuta, anarudi nyuma riwaya baada ya riwaya, kiangazi kizima, hayumo, hata mpita njia hakumfanya, na Leticia sura yake ni ya Sitara mwenyewe, na pale kituoni hakuna mtu wa kumpokea, na Sitara hakumsikitikia hata kidogo, alimwonea wivu... na anaogopa, anaogopa kweli, watasema mwanamke aliyeachwa naye anachagua, watasema anaringa, shangazi atalia machozi ya haki, na shangazi huyo hapo mlangoni, mtandio umemlowa jasho.

"Sitara, mwanangu, wageni wanangoja. Tuwaambie nini?"

Na kipande bado kimo shavuni, angeweza kutafuna polepole, angeweza kuinamisha kichwa tena, sheria au si sheria shangazi hakosi la kupigia kigelegele, mdomo wake amekwishauweka tayari... Sitara anakitema kipande kiganjani, anakilaza juu ya ukurasa ulio wazi, na chini makuli bado wanaomba njia.

"Mwambie mzee Hashimu ahsante sana kwa heshima aliyonipa. Siolewi, shangazi."

Na haradali inaanza kupasuka.