Msala Ulioelekea Majunga

Koultoumi alibandika sufuria ya ndizi mbichi, akapunguza moto, akatia udhu kwa maji ya kopo, na saa nne na nusu ya asubuhi, Jumatatu moja ya Novemba 1976, akatandika msala wake wa ukindu katika chumba cha mbele ili asali rakaa mbili za istikhara. Alikuwa na swali moja tu, na alitaka alimalize kabla ndizi hazijaiva.

Swali lilihusu mwanawe Charif, kuli wa bandarini Majunga, kule Madagaska. Barua yake ilikuwa na wiki mbili chini ya mto wa kulalia. Mama, aliandika, nimechoka, na mji huu siku hizi umekaa vibaya, watu wanatutazama kwa jicho jingine. Niambie neno moja tu, nitarudi.

Neno moja! Lakini nyumba ya binti yake Nouriat ilikuwa haijaezekwa. Mutsamudu, mji wa kisiwa cha Nzwani, msichana haolewi akahamia kwa watu. Mume ndiye anayehamia kwake, na nyumba ya kumpokelea hujengwa na baba na kaka za msichana. Baba yao alikuwa amefariki, kwa hiyo kila jiwe na kila boriti ya nyumba ile ilikuwa jasho la Charif la miaka sita. Zilibaki bati ishirini na nne. Kaka aliyerudi kabla ya paa la dada yake, mjini pale walikuwa na jina lake, na halikuwa jina la kutamkwa mbele ya mama yake.

Basi akasali. Aliomba aoneshwe kama kumwita mtoto kuna kheri. Alipotoa salamu ya mwisho akajikuta anatazama jikoni, na kibla iko mgongoni mwake. Msala ulikuwa umegeuka naye akiwa juu yake, polepole, kama mtu anayejigeuza usingizini, ukaelekea kusini-mashariki. Akaurudisha. Ukageuka tena. Akaenda kuepua ndizi.

Jioni alimwita Fundi Inzoudine, mwalimu aliyewafundisha Kurani watoto wa mtaa mzima. Fundi aliutazama msala, akatoa mkono dirishani, akanyoosha kidole juu ya milima.

“Upande huo, Bweni Koultoumi,” alisema, kwa jina la heshima la wanawake wa mjini, “huna mtu mwingine ila Charif. Umeuliza, umejibiwa. Mwite.”

“Inshallah, Fundi.”

“Leo.”

“Inshallah.”

Fundi Inzoudine alikuwa mtu wa mjini na alizijua inshallah zote za Mutsamudu. Alimaliza chai yake, akavaa viatu, akaenda zake.

Tusimwonee Koultoumi, hakuwa mjinga. Alielewa jibu tangu ndizi zikiwa jikoni. Ila upande ule ule, kabla hujafika Majunga, kuna Patsy, kijiji cha juu ya mji, na huko Patsy alikuwa na mikarafuu saba. Alimwambia Nouriat kwamba huenda msala unazungumzia mikarafuu.

“Mama, mwite tu kaka arudi,” Nouriat alisema. “Mimi nitakaa chini ya makuti.”

“Makuti! Wakwe zako waje wakute makuti!”

Wakapanda Patsy, msala kichwani. Walipoutandika chini ya mikarafuu uliipa Patsy yote mgongo na kuelekea kule kule. Koultoumi akaukunja. Kwa kuwa walikwisha kufika, walipalilia, na kupalilia mikarafuu saba kulichukua wiki nzima.

Halafu kulikuwa na suala la kaka yake. Mama hamwiti mtoto kwa kauli yake mwenyewe wakati mjomba yupo hai, na mjomba, Bwana Abdoulkarim, alikuwa mtu wa ofisi ya serikali Moroni, mji mkuu ulio kisiwa kingine, akiishi Ntsoudjini, kijiji cha karibu, nyumbani kwa mkewe. Koultoumi akajifunga shiromani yake, ile nguo nyekundu ya wanawake wa Nzwani, akapanda meli ya mizigo na msala chini ya kwapa. Baharini nahodha alimwomba autandike sitahani. Dira yake ilikuwa mbovu, na akishajua Majunga iko wapi, alisema, Moroni itajulikana tu. Walifika nusu saa kabla ya wakati.

Ntsoudjini redio ilikuwa inasema kwamba zama mpya zimeanza, kwamba mambo ya sherehe kubwa na nguo za dhahabu yamekwisha, kwamba taifa linataka majembe. Abdoulkarim alipunguza sauti ya redio ili waizungumzie harusi vizuri.

“Kaka, msala umesema nimwite mtoto.”

“Sawa,” akasema Abdoulkarim. Msala ulikuwa mbele yao, umelipa kabati mgongo. “Umesema umwite. Haukusema umwite bila bati.”

Akatoa kalamu, akaandika mwenyewe kwa mwandiko wa ofisini, kisha akasoma kwa sauti: Mama anakuita. Njoo na bati.

Charif aliomba neno moja. Barua ilikuwa na matano. Koultoumi alilisikia kosa lilipo, kabisa, kama mtu anavyousikia mwiba kwenye samaki. Alifungua mdomo aseme. Wifi yake akaingia na sinia la wali na pweza, wakanawa mikono, wakala. Baada ya kula Abdoulkarim aliitia barua kwenye mfuko wa koti lake la kazi, akaahidi kumpa mtu wa kuaminika. Barua ilikwenda ofisini na kurudi siku kumi na mbili ndani ya koti lile, mpaka mtu wa kuaminika alipopatikana.

Koultoumi alirudi Mutsamudu, na kutoka hapo nyumba haikukalika. Msala ulikuwa umechoka kuelekeza. Sasa ulitaka kwenda. Asubuhi aliukuta mlangoni. Akiurudisha chumbani, adhuhuri aliukuta umefika kizingiti cha nje, umejikunja ncha moja kama mtu aliyeinua guu apite. Aliuwekea kinu juu. Msala ukaenda na kinu. Nouriat alikuwa akiupita na ndoo ya maji, akiuambia, “Nipishe,” nao ukimpisha.

Koultoumi mwenyewe hakutulia. Alikuwa mshonaji wa kofia, mkono wake ulisifiwa mpaka Domoni, lakini wiki zile alitoboa vidole, alifumua, alishona upya, akafumua tena. Mara tatu aliteremka forodhani kuuliza meli ya kwenda Majunga ili apeleke ujumbe mwingine wa neno moja tu, rudi. Mara ya kwanza meli ilikuwa imeondoka asubuhi yake. Mara ya pili alimkuta baharia, akamshika mkono, kisha akakumbuka wakwe wanakuja Alhamisi kuitazama nyumba. Akamwambia hapana kitu, mwanangu, safari njema. Mara ya tatu alifika nusu ya njia, akarudi. Barua ya kaka itakuwa imefika, alijiambia, na mtoto akipata maneno mawili yanayopingana atachanganyikiwa.

Jumanne ya tarehe ishirini na moja Desemba, baada ya alasiri, msala ulirudi kibla. Nouriat ndiye aliyeuona. Ulikuwa mlangoni kama kawaida yake siku hizo, ukajivuta kinyumenyume mpaka chumba cha mbele, ukazunguka taratibu, ukanyooka kuelekea Makka, ukalala chini hata nyuzi za pembeni zikatulia.

“Alhamdulillahi!” Koultoumi alisema. Alifurahi, wallahi alifurahi. Alijua sasa kwamba amesamehewa kuchelewa, kwamba Charif yuko njiani na bati zake, na kwamba kaka yake alikuwa na akili kuliko Fundi Inzoudine. Alisali magharibi juu ya msala kwa mara ya kwanza baada ya wiki sita, akapika wali wa nazi, akashona kofia moja nzima bila kufumua.

Alhamisi redio ilisema kuhusu Majunga. Ilisema watu wetu wanauawa majumbani na mabarabarani tangu Jumatatu. Wanawake wa mtaa walitoka milangoni na kukaa chini pale pale walipokuwa.

Waliookoka walikuwa wakishushwa Moroni, wengine kwa ndege, wengine kwa meli. Koultoumi alivuka tena, safari hii bila msala, na kwa siku nne alizunguka katika uwanja wa shule walikolazwa, akiinua mashuka na kutazama nyuso. Siku ya tano alimpata Djoumoi, mtoto wa Mutsamudu, kuli mwenzake Charif waliyepanga naye chumba kimoja. Mkono wake ulikuwa umefungwa kitambaa. Alisimama kumwamkia, kisha akakaa.

“Barua ilifika Ijumaa, mama. Jumamosi kulikuwa na meli, na nafasi mbili zilikuwepo. Nikamwambia twende. Akasema, mama kasema na bati, na duka limefungwa mpaka Jumatatu.”

“Jumatatu likafunguliwa?”

“Likafunguliwa. Alizipata zote, ishirini na nne. Akazipeleka ghala la bandarini, zikaandikwa jina lako. Akarudi chumbani kufunga sanduku. Huko nje walikwisha kuanza. Tulijifungia mpaka kesho yake.”

Koultoumi alitazama mkono uliofungwa.

“Jumanne,” alisema. “Baada ya alasiri.”

“Baada ya alasiri,” Djoumoi alisema.

Bati zilifika Mutsamudu mwezi wa pili, hazina hata kovu. Abdoulkarim alikuja mwenyewe kusimamia uezekaji. Alikuwa na nafasi tele, kwa kuwa mwaka huo ofisi zilifungwa, makaratasi yakachomwa, na watu wa ofisi wakaambiwa waende nyumbani. Alisimama uwanjani na mikono nyuma, akawaambia mafundi kwamba marehemu ametimiza wajibu wake, na kwamba ni vijana wachache wanaotimiza. Watu wakaitikia. Nouriat aliolewa bila ngoma, mumewe akahamia, na mvua ya kwanza iliponyesha majirani walisema paa lina sauti nzuri. Koultoumi alikuwa akizichukia bati zile moja moja. Mvua ikianza yeye hutoka nje, akasimama uani na kulowa mpaka iishe, na hakuna aliyemwambia aingie ndani.

Kila asubuhi, ndizi zikiwa jikoni, alisali istikhara. Hakuwa na swali tena, ila aliuliza. Msala haukutikisika. Akiusukuma kwa mguu kuelekea kusini-mashariki ulirejea kibla, kwa upole, kama unavyomrudisha mgonjwa kitandani. Aliulilia. Aliutukana siku moja, astaghfirullahi, akauomba radhi siku hiyo hiyo.

Kwa wengine uliendelea kujibu. Habari zake zilikuwa zimeenea, na watu walikuja kuuazima, wakaurudisha umefumwa pale ulipochanika. Mwezi wa nne wa 1978 alikuja jirani yake, Bibi Zaitoun. Mwanawe Salimou alikuwa Moroni, kijana aliyepewa bunduki na serikali mpya kulinda lango, akipeleka nyumbani kila alichopata, kwa ajili ya nyumba ya dada yake. Ameandika kwamba usiku halali, Zaitoun alisema, anataka aitwe.

Alisali rakaa mbili pale pale mbele ya Koultoumi. Msala ulimgeuza magharibi, ukiwa umenyooka kama uzi kuelekea Moroni.

Koultoumi aliacha kofia ikaanguka. Alimshika Zaitoun mabega yote mawili.

“Mwite. Leo, Zaitoun. Kuna meli saa nane. Mimi nitakwenda nawe, nauli ninayo, usibebe kitu. Neno moja, ndugu yangu, usiongeze la pili!”

“Maskini, Koultoumi,” Zaitoun alisema, na alisema kwa mapenzi, maana naye alikuwa amelia msiba ule. “Nitamwita. Nyumba imekwisha, paa liko juu, limebaki dirisha moja tu. Kaka yako Bwana Abdoulkarim mwenyewe ameniambia, tumalize dirisha.”

“Leo!”

“Inshallah.”

Koultoumi alikuwa amekwisha kujifunga shiromani. Msala ulikuwa umeanza kujivuta kuelekea mlangoni. Zaitoun akauruka, akaenda kupima dirisha.